Nahodha wa Mimi na Toutou

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, mji wa Bujumbura ulikuwa ukiitwa Usumbura, nao ulikuwa boma la Wajerumani kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo, chini ya milima ile ambayo wakazi wa mji huu huitazama kila jua linapokuchwa, ilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Katikati yalikuwapo maji tu, na juu ya maji hayo mwenye amri alikuwa mmoja. Meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ilipigwa na kulemazwa mapema. Wajerumani walikuwa na Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwezi wa Februari 1915 wakashusha majini huko Kigoma meli iliyozipita zote kwa ukubwa, Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya. Iliweza kuchukua askari 800 au zaidi kwa safari moja na kuwateremsha popote pwani ya ziwa usiku huo huo.

Mtu aliyetumwa kuja kuuvunja utawala huo wa maji ndiye anayekumbukwa katika safu ya wiki hii. Jina lake ni Geoffrey Basil Spicer-Simson, ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza. Wengi waliopata kumsoma humcheka, na si bila sababu. Hata hivyo, askari aliyekwisha kupewa kazi ngumu kwa vifaa haba atamsoma kwa jicho jingine.

Alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia, tarehe 15 Januari 1876, akaingia jeshini mwaka 1890, akiwa kijana wa miaka 14. Mwaka 1902 alimwoa Amy Baynes-Reed huko Victoria, upande wa magharibi wa Kanada. Kazi aliyoifahamu vizuri kuliko zote ilikuwa kupima maji: kushusha kamba yenye risasi, kuhesabu kina, kuandika, kuchora ramani ili meli zitakazofuata zisipande miamba. Aliupima mto Yangtze nchini China, na kati ya mwaka 1911 na 1914 akaupima mto Gambia, Afrika Magharibi. Katika kazi hiyo ya subira hakuna aliyemlaumu.

Katika uongozi wa meli za kivita, balaa ilimwandama. Aliwahi kuongoza meli iliyogonga mashua ya mabaharia, mtu akafa, naye akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Vita ilipoanza alikabidhiwa kikosi kidogo cha meli za doria kwenye pwani ya kusini mashariki ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba 1914 moja ya meli zake, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani ikiwa imetia nanga mchana kweupe. Mkuu wake alikuwa hotelini nchi kavu pamoja na mkewe na marafiki. Baada ya hapo alipewa meza na kalamu. Wenzake wa umri wake walikuwa wamepanda vyeo, naye alibaki Luteni-Kamanda, akisimulia makuu aliyoyatenda, mengine ambayo hakuyatenda.

Ndipo akaja London mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, aliyeyajua maziwa na misitu ya Afrika ya kati. Alisema hivi: meli za Wajerumani katika Tanganyika haziwezi kufikiwa kutoka baharini, lakini boti ndogo ziendazo mbio zaweza kupakiwa melini hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Kongo, zikavutwa msituni, zikateremshwa ziwani upande wa Wabelgiji. Wakuu wa Jeshi la Majini waliikubali rai hiyo. Maofisa hodari wote walikuwa wakihitajika kwingineko. Spicer-Simson alikuwapo, alijua Kifaransa cha kuzungumza na Wabelgiji, na Afrika alikwisha kuiona.

Akapewa boti mbili za mbao, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, zinazotumia petroli, na watu wasiofika 30. Alipotakiwa kuzipa majina alipendekeza Paka na Mbwa. Wakuu wakakataa kwa ghadhabu. Akarudi na majina mawili ya Kifaransa, Mimi na Toutou, wakayapitisha bila kujua kwamba ndivyo watoto wa Ufaransa wanavyowaita paka na mbwa wao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji Kifaransa ili acheke. Mtu mwenye kujisifu asubuhi na jioni, kati ya majina yote ya dunia, aliiita boti yake Mimi.

Safari ilianza tarehe 15 Juni 1915. Tarehe 2 Julai walikuwa Cape Town, na mwanzoni mwa Agosti reli iliwafikisha Fungurume, ng'ambo ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kutoka hapo hapakuwa na reli wala barabara. Mbele ilisimama milima ya Mitumba, nayo ilipasa kuvukwa kwa zaidi ya kilometa 200 hadi Sankisia, mahali reli ndogo ya kwenda mto Lualaba ilipoanzia.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, ingawa wasimulizi wengi hupapita mbio ili waifikie mizinga. Wafanyakazi wa Kikongo, mamia kwa mamia, walikata miti, wakang'oa visiki, wakajaza mabonde, wakajenga madaraja zaidi ya 100 ya magogo juu ya vijito na makorongo. Mitambo miwili ya mvuke, mizito kama nyumba, iliyakokota magari yaliyobeba boti. Iliposhindwa kupanda, maksai walifungwa minyororo. Maksai waliposhindwa, watu walishika kamba. Kwenye nyanda zisizo na maji matangi ya mitambo yalikauka, na mtambo wa mvuke usio na maji ni chuma kitupu. Wanawake wa vijiji waliitwa, wakaja na mitungi vichwani kutoka mbali, wakamimina maji ndani ya tangi, wakarudi kuteka tena. Vita iliyopiganwa ziwani kwa mizinga ilitegemea kwanza mitungi ya akina mama wa Katanga.

Mengi ya kazi hiyo yalisimamiwa na Wainwright, mtu aliyejua maksai, reli na namna ya kusema na watu. Daktari Hanschell, tabibu wa magonjwa ya nchi za joto, aliwapanga wanaume wale kila siku na kuwapa kwinini, apende asipende. Hali iliyowaua askari wengi kuliko risasi katika vita ya Afrika Mashariki ilikuwa homa na tumbo, kwa hiyo kikosi kile kufika ziwani kikiwa bado kina nguvu ya kupigana ilikuwa sifa ya tabibu huyo. John Lee, mwenye wazo, hakufika. Aliitangulia safari ili aitafute njia, kisha akashitakiwa kwa ulevi na kutoa siri, Spicer-Simson akamwondoa. Kama mashitaka yalikuwa ya haki au kama mkuu hakutaka kugawana sifa, kila msimulizi ana upande wake. Njia aliyoichagua Lee ndiyo iliyopitwa.

Mwisho wa Septemba boti zilikuwa Sankisia. Katika mto Lualaba maji yalikuwa machache, zikafungiwa mapipa chini ili zielee juu zaidi. Kutoka Kabalo zilipanda reli tena, na mwishoni mwa Oktoba zilifika Lukuga, jirani na mji ambao leo huitwa Kalemie. Kutoka Uingereza zilikuwa zimesafiri takriban kilometa 16,000. Mkuu wao anastahili sifa yake hapa. Watu waliokuwa chini ya amri yake walimchukia wengi, lakini hakuacha boti hata moja njiani, na kila mtu alipomwambia kwamba haiwezekani, yeye, kwa kiburi chake kile kile, hakusikia.

Huko Lukuga vituko vyake vilizidi. Alivaa sketi ya khaki, akisema mkewe ndiye aliyemshonea. Alijichora chale mwili mzima, nyoka na vipepeo, akawa anaoga hadharani ili zionekane. Juu ya kibanda chake alipandisha bendera ya cheo asichokuwa nacho. Waholoholo, wenyeji wa pwani ile, walimpa jina la Bwana Chifunga-Tumbo kwa ajili ya ile sketi, na inasimuliwa kwamba baada ya ushindi wake walifinyanga sanamu za udongo zenye umbo lake. Maofisa wa Kibelgiji, wenye nidhamu yao, hawakujua wampigie saluti au wageuze nyuso.

Tarehe 26 Desemba 1915 ilikuwa Jumapili. Mabaharia walikuwa wamesimama katika sala, Spicer-Simson akisoma, mjumbe alipoleta habari kwamba Kingani imeonekana ikija. Aliendelea na sala mpaka mwisho, kisha akaamuru boti zitoke. Kingani ilikuwa na mzinga mmoja tu, umewekwa mbele, nao haukuweza kugeuka kupiga nyuma. Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na mzinga mdogo na bunduki ya rashasha, ziliifuata kwa nyuma. Hazikuthubutu kupiga ubavuni, kwa kuwa mshindo wa mizinga yao wenyewe ungeweza kuzipasua mbao zao. Baada ya dakika 11 nahodha wa Kijerumani, Junge, alikuwa amekufa pamoja na wengine kadhaa, na bendera ilikuwa imeshushwa. Meli ilivutwa hadi pwani ikizama, ikazibwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Ilikuwa meli ya kwanza ya kivita ya Wajerumani kutekwa na kuingizwa katika Jeshi la Majini la Uingereza katika vita ile.

Tarehe 9 Februari 1916 ilikuja Hedwig von Wissmann kuitafuta mwenzake. Fifi na Mimi ziliifukuza kwa saa nyingi juu ya maji matulivu. Fifi ilikaribia kumaliza risasi zake za mzinga ilipoipata mahali penyewe, kwenye mtambo. Hedwig ilizama. Waliokufa ndani yake walikuwamo Wajerumani na Waafrika, miongoni mwao wachochea moto waliokuwa chini wasioweza hata kuona nani anawapiga.

Basi ikabaki Götzen. Siku iliyofuata ilitokea mbele ya Lukuga, ikienda polepole, ikiitafuta ile iliyopotea. Mabaharia wa Kiingereza walizikimbilia boti. Spicer-Simson alisimama pwani akaitazama kwa darubini, muda mrefu, kisha akaamuru kwamba hakuna atakayetoka. Walimwomba, wakamnung'unikia, wengine wakasema waziwazi kwamba moyo umemwisha. Hakubadili amri. Götzen ikapita ikaenda zake.

Tangu siku hiyo jina lake lilianza kushuka, na wanaoandika habari zake hadi leo huiita siku ya woga. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Juu ya sitaha ya Götzen ulikuwapo mzinga wa milimita 105, uliotolewa katika manowari Königsberg baada ya manowari hiyo kuangamia katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Risasi moja ya mzinga huo ingeisambaza boti ya mbao iliyojaa petroli, na ingeweza kuifikia kabla mizinga yake midogo haijapata nafasi ya kujibu. Watu wake hawakufika 30. Ziwa la nusu lilikwisha kuwa mikononi mwa Wabelgiji na Waingereza, na Wajerumani walikuwa wameacha kutembea humo watakavyo. Mke wa baharia aliyekuwa akingoja barua huko Uingereza, angeulizwa siku ile, asingetaka jibu jingine.

Ya Juni 1916 ndiyo isiyo na utetezi. Spicer-Simson alikuwa amekwenda hadi mto Kongo kutafuta meli kubwa zaidi, akarudi mwezi wa Mei, kisha akatumwa kusini kuwasaidia askari wa Rhodesia waliokuwa wakiizingira ngome ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Kazi yake ilikuwa kuifunga njia ya majini ili Wajerumani wasitoroke. Alipofika karibu aliona mizinga juu ya kuta, akaziondoa boti zake zikalale mbali. Usiku Wajerumani waliingia katika mashua zao wakaondoka. Askari wa nchi kavu walipoingia ngomeni waliikuta mizinga ile. Ilikuwa ya magogo. Pale Lukuga aliuogopa mzinga wa kweli, na alikuwa na haki. Hapa aliuogopa mti, wala hakutuma hata mtumbwi mmoja usiku kupeleleza. Muda si mrefu akaanguka kwa homa na kuchoka akili, akarudishwa kwao.

Vita ya ziwa iliisha bila yeye. Ndege za Wabelgiji zilitupa mabomu Kigoma mwezi wa Juni. Mwezi huo huo majeshi ya Kongo, ambayo askari wake weusi walikuwa maelfu na wabebaji wao maelfu zaidi, yaliingia Usumbura. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe ili isitekwe. Kazi hiyo walipewa mafundi wale wale walioileta kutoka Papenburg na kuiunga kwa mikono yao. Kabla ya kufungulia maji, waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila chuma, kila kiungo.

Spicer-Simson alipewa nishani na nchi yake, na Wabelgiji wakamvika za kwao. Wabebaji na wajenzi wa madaraja walilipwa ujira wa siku zao wakatawanyika. Uongozi wa manowari hakupewa tena. Mwaka 1919 alikuwa Paris katika mkutano wa amani, akifasiri Kifaransa. Kisha, tangu mwaka 1921, akawa katibu mkuu wa kwanza wa Ofisi ya Kimataifa ya Upimaji wa Bahari huko Monaco, akaishika kazi hiyo kwa miaka 16. Shabaha ya ofisi ilikuwa kuyafanya mataifa yachore ramani za bahari kwa alama zinazofanana, ili baharia wa nchi moja asome ramani ya nchi nyingine asipotee. Alikuwa amerudi kwenye kamba na kina. Alikuwa bado Monaco mwaka 1935 riwaya ya C. S. Forester, The African Queen, ilipotoka, nayo ikawa filamu mwaka 1951. Kisa chake kilichukua mbegu katika vita ya ziwa hili, lakini nahodha mwenye sketi hakuwekwa ndani. Alistaafu mwaka 1937, akahamia Kanada, jimbo lile alikoolea, akafariki Courtenay tarehe 29 Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 71.

Meli aliyokataa kuipiga haikufa. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakafungua mitambo, wakakuta grisi ya mafundi wa Papenburg imeifaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari mpya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Kwa miaka mingi sana wafanya biashara wa dagaa, wanafunzi, maharusi na wagonjwa wa pwani yote ya Tanganyika walipanda meli hiyo. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo.

Na katika machafuko ya mwaka 2015 hapa Burundi, familia nyingi zilikimbilia kwa miguu na kwa mitumbwi hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, chini ya mlima, pasipo barabara. Makumi ya maelfu walibanana pwani, na kipindupindu kikazuka. Liemba iliitwa kutoka Kigoma. Kagunga haina gati ya meli kubwa, kwa hiyo ilisimama majini, na mashua ndogo zikawachukua akina mama, watoto na mabunda yao kutoka mchangani hadi ubavuni mwa meli, nao wakapandishwa, 600 kwa safari.